Barua za Wasomaji: Umeme wa Retina na Glakoma

Katika toleo lililopita tuligusia kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutoa umeme mdogo kila inapofanya kazi, na kwamba umeme huo unaweza kupimwa ili kusaidia kuibaini glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Maswali yamemiminika, hasa kutoka Kigoma na Tabora. Tumechagua yale yanayogusa wengi. Majibu ni ya jopo letu la wataalamu wa macho.

Je, napigwa umeme machoni?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 46, nakaa Ujiji. Baba yangu mzazi alipofuka macho yote mawili kwa presha ya macho. Nimepima presha ya jicho nikaambiwa ni 19, iko kawaida, nirudi nyumbani. Shemeji yangu wa Dar anasema kuna kipimo cha umeme kinachokamata ugonjwa mapema. Je, nitapigwa umeme? Na niuze vitu nikakifuate?*
Msomaji, Ujiji

Marahaba ndugu yetu. Hupigwi umeme hata chembe. Mashine haiingizi kitu jichoni, inasikiliza tu. Umeme unaopimwa unatoka kwako mwenyewe, na umejulikana tangu mwaka 1865, Frithiof Holmgren wa Sweden alipougundua.

Ili uelewe kwa nini unahusika na glakoma, fuata safari ya mwanga ndani ya jicho. Mwanga hupokelewa kwanza na seli za nyuma kabisa ya retina. Hizo hupeleka habari kwa seli za kati, na za kati huzikabidhi kwa seli za mwisho ziitwazo ganglioni, ambazo ni takriban milioni 1 kwa kila jicho. Mikia ya seli hizo za ganglioni ikikusanyika pamoja ndiyo inayotengeneza neva inayokwenda kwenye ubongo. Glakoma huua seli za ganglioni na mikia yake. Zile za nyuma na za kati huziacha karibu zote salama.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kipimo cha umeme wa retina huitwa kwa kifupi ERG. Kile cha kawaida, cha kumulika jicho kwa mwanga wa ghafla, hutoa wimbi kubwa linalotokana zaidi na seli za nyuma na za kati. Mtu aliyepofushwa na glakoma anaweza kupimwa hivyo na wimbi lake kubwa likatoka zuri kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa tu "tumekupima ERG, uko salama", uliza ni ERG ya aina gani.

Inayofaa kwa glakoma ni ile ya ruwaza, kwa kifupi PERG. Unaangalia skrini yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Kila baada ya robo sekunde hivi myeusi inakuwa myeupe na myeupe inakuwa myeusi, lakini jumla ya mwanga unaotoka kwenye skrini haibadiliki. Nusu ya retina inaongezewa mwanga wakati nusu nyingine inapunguziwa, basi sehemu kubwa ya umeme wa seli za nyuma hufutana. Kinachobaki kimetawaliwa na ganglioni. Mwaka 1981 Lamberto Maffei na Adriana Fiorentini wa Italia walithibitisha jambo hili kwa paka: walikata neva ya jicho, ganglioni zikafa polepole, wimbi la ruwaza likapotea huku wimbi la mwanga wa ghafla likibaki.

Kwa upande wako kazi si kubwa. Hutiwi dawa ya kupanua mboni. Unafutwa ngozi pembeni ya jicho na kwenye paji la uso, unabandikwa elektrodi, yaani vibandiko vya kunasa umeme, na uzi mwembamba uliopakwa fedha unalazwa kwenye ukingo wa kope ya chini ukigusa jicho. Unausikia kama unywele ulioingia, kisha unauzoea. Unakodolea alama iliyo katikati ya skrini kwa vipindi vifupi. Basi.

Sasa kuhusu kuuza vitu: hapana, bado. Presha ya 19 imo ndani ya kiwango cha kawaida cha milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini glakoma inaweza kuwepo ndani ya kiwango hicho. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima, na mwenye konea nyembamba, yaani kioo cha mbele ya jicho, husomeka chini kuliko ilivyo. Wewe una miaka zaidi ya 40 na mzazi aliyepofuka kwa ugonjwa huu, hukustahili kurudishwa nyumbani kwa namba moja tu. Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa watu karibu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na mwenye ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu yuko hatarini zaidi ya hao.

Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ukaombe kwa maneno haya: naomba kichwa cha neva kitazamwe kwa mboni iliyopanuliwa. Kichwa cha neva ni pale neva inapotokea nyuma ya jicho. Mtaalamu ataangalia shimo lililo katikati yake limekula sehemu gani ya upana wake. Likifika 0.7, au jicho moja likizidi jingine kwa zaidi ya 0.2, kuna jambo la kufuatilia. Mwambie pia apime unene wa konea kama kifaa kipo, aangalie pembe ya jicho kwa lenzi maalumu, na akupime uwanja wa kuona, yaani eneo lote unaloliona ukikodolea mahali pamoja. Baada ya hayo kuna makundi matatu. Wenye neva iliyolika waziwazi hawahitaji PERG, wanahitaji matibabu leo. Wenye neva nzima na presha ya chini wanahitaji kurudi kila mwaka. PERG ni ya wale walio katikati: neva inatia shaka, presha iko juu kidogo, uwanja wa kuona bado mzima. Ukiwa miongoni mwao, hapo ndipo safari ina maana. Piga simu kwanza kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, kama Bugando, Mwanza, au hospitali ya Dar utakayoelekezwa, uulize kama mashine ya PERG ipo na inafanya kazi wiki hiyo, kabla hujakata tiketi ya treni.

Wimbi limejaa meno

*Ndugu Mhariri, mimi ni mtaalamu wa macho katika kituo kimoja Tabora mjini. Tumepata mashine ya PERG iliyotumika pamoja na kompyuta yake. Mawimbi yanatoka yamejaa meno meno, na mtu yuleyule nikimpima mara mbili napata majibu mawili. Skrini ni bapa, ya kawaida, umbali wa mita 1. Tunatumia elektrodi za uzi. Kosa liko wapi?*
Mtaalamu wa macho, Tabora

Ndugu mtaalamu, tunashuku makosa ni zaidi ya moja, na tutakwenda nawe polepole, kwa sababu rekodi mbaya ina madhara kuliko kukosa rekodi: inamwanzishia mtu mzima dawa za maisha, au inamrudisha mgonjwa nyumbani.

Anza kwa kujua ukubwa wa unachokitafuta. Umeme wa moyo hufika kama mikrovolti 1,000. PERG ni mikrovolti chache, mara nyingi kati ya 2 na 8, na ukibandika elektrodi kwenye ngozi chini ya kope badala ya uzi, hushuka hadi karibu nusu yake. Kitu kidogo kiasi hicho hakionekani kwa geuzo moja la miraba. Hupatikana kwa kuchukua wastani wa mageuzi yasiyopungua 100. Wastani wa 100 hupunguza kelele mara 10. Ukitaka ipungue mara 20, unahitaji 400. Ndiyo maana kuiua kelele kwenye chanzo chake ni nafuu kuliko kumchosha mgonjwa kwa kuongeza mageuzi.

Chukua chati yako upime kutoka jino hadi jino. Ukikuta milisekunde 20, huo ni umeme wa gridi, hertzi 50. Unaingia kwa mlango mmoja kuliko yote: elektrodi zisizoshika vizuri. Pima ukinzani wa kila moja, uwe chini ya kiloomu 5, na zote zikaribiane. Ikiwa ya pembeni ya jicho ina 3 na ya paji la uso ina 20, hakuna kichujio kitakachokuokoa. Sugua ngozi taratibu kwa jeli ya kusugulia, ifute kwa spiriti, iache ikauke, ndipo ubandike. Wakati wa joto la Oktoba jasho hujikusanya chini ya plasta na mstari mzima unaanza kuelea juu na chini polepole. Ukiona hivyo, ng'oa, kausha, bandika upya. Usivumilie.

Ukishahakikisha hapo, geukia chumba. Kompyuta mpakato itumie betri, chaja itoke kabisa ukutani. Zima feni, zima taa za tyubu, simu zote zitoke nje pamoja na chaja zake. Nyaya za elektrodi zisokote pamoja na zisipite juu ya waya wa umeme wa ukutani. Hakikisha soketi ina ethi ya kweli, maana majengo mengi ya zamani yana tundu la tatu lisilounganishwa na kitu. Fundi umeme anaweza kulipima kwa dakika chache. Mkifanya kazi kwa jenereta, liwe mbali na chumba na lenyewe liwe na ethi.

Kuna kosa jingine la siri zaidi. Angalia kasi ya mageuzi uliyoiweka. Kiwango cha kimataifa ni mageuzi 4 hivi kwa sekunde. Aliyekutangulia akiwa aliweka 5, basi 50 inagawanyika kwa 5 bila baki, kila geuzo linaikuta kelele ya gridi palepale ilipokuwa, na wastani badala ya kuifuta unaijenga. Weka kasi isiyogawa 50 sawasawa. Na ile swichi ya kuchuja hertzi 50 peke yake, usiiguse. Inapendezesha mstari, lakini inapinda wimbi lenyewe, na utasoma uongo uliopangwa vizuri. Acha kichujio kati ya hertzi 1 na 100, na uiambie mashine itupe kila pigo linalovuka mikrovolti 100 juu au chini, ili kupepesa macho kusiingie kwenye wastani.

Meno yakiwa membamba na hayana mpangilio, tatizo si umeme, ni misuli. Mgonjwa ameuma meno au anashikilia shingo. Mwekee kidevu pa kuegemea, mwambie aachie taya.

Sasa swali lako la majibu mawili. Kati ya mambo yote, hili ndilo linalowaangusha wengi, na karibu kila mara chanzo ni macho ya mgonjwa yenyewe: haoni miraba vizuri, au haangalii katikati. PERG inataka picha kali kwenye retina. Mgonjwa avae miwani inayomfaa kwa umbali wa skrini, si miwani ya barabarani wala ya kusomea. Kwa mita 1, mtu wa makamo asiyeona karibu anahitaji kuongezewa +1.00 juu ya namba yake ya mbali. Miwani yenye sehemu mbili haifai, kichwa kikiinama kidogo tu anapitisha macho kwenye sehemu isiyo yake. Mboni zibaki kama zilivyo. Ikiwa asubuhi alitiwa dawa ya kupanua, mrudishe siku nyingine. Pima macho yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jicho zima humsaidia mwenzake kutulia kwenye alama, isipokuwa kwa mwenye makengeza. Mkumbushe kupepesa kati ya vipindi. Mageuzi 100 kwa kasi ya 4 ni sekunde 25 tu, kwa hiyo fanya vipindi vifupi viwili vitatu kisha umpumzishe.

Uzi nao una tabia yake. Ukiulaza kwenye ukingo wa kope mara ya kwanza, na mara ya pili ukazama chini kwenye kifuko cha kope, kimo cha wimbi kitabadilika ingawa jicho ni lilelile. Chagua mahali pamoja na mwanzo na mwisho wa kila kipindi uangalie kama bado uko hapo. Elektrodi ya kulinganishia iwe pembe ya nje ya jicho lilelile. Wengine huiweka kwenye sikio kwa mazoea ya vipimo vingine, wakachanganya umeme wa jicho jingine na wa ubongo bila kujua. Na elektrodi za aina ya lenzi inayofunika konea ziache kwa PERG, zinatia ukungu kwenye picha.

Chukua rula upime skrini. Kwa mita 1, kila mraba unapaswa kuwa na upana wa karibu milimita 14, ambazo ni nyuzi 0.8, na eneo lote la miraba liwe karibu sentimita 26, ambazo ni nyuzi 15. Mgonjwa akisogea hadi sentimita 57, mraba unapaswa kuwa milimita 8 na eneo sentimita 15. Watu hubadilisha umbali wakasahau kubadilisha miraba. Tofauti kati ya weusi na weupe isipungue asilimia 80, na hiyo inaharibika haraka dirisha likiwa wazi nyuma ya mgonjwa na jua la Tabora likapiga kwenye kioo. Funga pazia.

Skrini bapa ina kasoro mbili. Baadhi yake, weusi ukigeuka weupe haraka kuliko weupe kugeuka weusi, skrini nzima humeta kwa kitambo kidogo sana kila geuzo. Huko kumeta ni mwanga wa ghafla, kunaamsha seli za nyuma, na utarekodi wimbi zuri ambalo halihusiani na ganglioni. Jaribio lake ni rahisi: funika skrini yote kwa karatasi nyeupe isiyopitisha ruwaza bali mwanga tu, rekodi kama kawaida. Ukipata mstari tambarare, skrini ni salama. Ukipata wimbi, badilisha skrini. Kasoro ya pili ni kuchelewa: skrini hupokea amri na kuonyesha baadaye kidogo. Kilele cha wimbi, kiitwacho P50, kinatarajiwa karibu milisekunde 50. Ukiona watu wote wenye macho mazima wanakupa 65, wagonjwa hawana kosa, skrini inachelewa, na ucheleweshaji huo upimwe kwa kihisi cha mwanga na kutolewa kwenye hesabu.

Kabla ya kumtolea mgonjwa yeyote ripoti, pima watu wenye macho mazima wa rika zote kwa mashine hiyohiyo, chumba hichohicho, elektrodi hizohizo, na utumie viwango vyako mwenyewe. Kimo cha PERG hushuka kadiri umri unavyopanda, hivyo kijana wa chuo hawezi kuwa kipimo cha mzee wa miaka 70. Na kila jicho lirekodiwe angalau mara mbili, mistari ipandishwe mmoja juu ya mwingine. Isipolaliana, usiandike namba yoyote.

Mtoto wa jicho

*Nina miaka 67, nina mtoto wa jicho macho yote na daktari anashuku pia glakoma. Kipimo hicho kitanifaa?*
Bibi, Kasulu

Shikamoo bibi. PERG haitakufaa kwa sasa. Mtoto wa jicho anatia ukungu kwenye miraba, wimbi linashuka, na hakuna atakayejua limeshushwa na nini. Upo utaratibu mwingine wa umeme usiotegemea kuona picha kali: jicho linamulikwa kwa mwanga mwekundu wa ghafla juu ya mwanga wa bluu uliotulia, halafu linatazamwa bonde dogo linalokuja baada ya wimbi kubwa, kwenye milisekunde 65 hadi 75 hivi. Bonde hilo linatokana na ganglioni, na likipungua kina linatia shaka ya glakoma. Mashine nyingine za kufanya hivyo ni za mkononi na hutumia kibandiko cha ngozi tu. Lakini ushauri wetu ni kwamba daktari aamue kwanza kuhusu upasuaji wa mtoto wa jicho, maana ukiondolewa atakiona kichwa cha neva waziwazi kwa macho yake.

Taa za dagaa

*Sisi wavuvi wa Kibirizi tunakesha na taa kali ziwani. Zinaleta presha ya macho?*

Hapana. Mwanga wa taa za uvuvi hausababishi glakoma. Macho kuwasha na kukauka alfajiri ni jambo jingine. Ila mkishafika miaka 40, pimeni kama watu wengine.

Karatasi ya majibu siielewi

*Nina miaka 52, nalima tumbaku Urambo. Nimepimwa PERG hospitali kubwa, nimepewa karatasi. Jicho la kulia: P50 mikrovolti 3.9, N95 mikrovolti 3.1. La kushoto: P50 3.8, N95 5.6. Presha 24 na 22. Uwanja wa kuona wameandika mzima. Nina glakoma au sina?*
Msomaji, Urambo

Ndugu msomaji, karatasi yako inaeleza jambo, ila haitoi hukumu peke yake.

Wimbi la PERG lina kilele kinachokuja karibu milisekunde 50, ndicho P50, na bonde linalofuata karibu milisekunde 95, ndilo N95. Kilele kinachangiwa na ganglioni pamoja na seli zilizo nyuma yake. Bonde ni la ganglioni hasa. Kina cha bonde hupimwa kutoka juu ya kilele hadi chini ya bonde, kwa hiyo kwa jicho zima N95 kwa kawaida huwa kubwa kuliko P50. Jicho lako la kushoto liko hivyo, 5.6 kwa 3.8. La kulia limepinduka, 3.1 kwa 3.9. Kilele kizima, bonde limepungua: hiyo ni sura ya ganglioni zinazoteseka, na pamoja na presha ya 24 upande huohuo, glakoma ndiyo inayoshukiwa kwanza. Kama ingekuwa retina yenyewe ya katikati imeugua, P50 nayo ingeshuka.

Uwanja wa kuona kuwa mzima hakupingani na hayo. Kipimo cha uwanja kinaweza kubaki kizuri hadi robo au hata theluthi ya ganglioni zimekwisha kufa. PERG huweza kutangulia kwa sababu seli inayoumwa hupunguza umeme kabla ya kufa. Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, waliwafuata watu wenye presha ya juu kwa miaka mingi, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba PERG iliwatambua takriban miaka 4 kabla uwanja wa kuona haujaharibika. Soma na upande wa pili: kipimo kilipatia kwa karibu 75 kati ya 100, na kwa waliobaki kilikosea. Mtu 1 kati ya 4 si mdogo.

Kwa hiyo usianze dawa za kudumu kwa karatasi moja. Rudia PERG, ikiwezekana kwenye mashine ileile, na ukipewa nafasi uombe picha ya tabaka za retina, ile inayoitwa OCT, wapime unene wa nyuzi za neva. Bonde likirudi vilevile na nyuzi za jicho la kulia zikiwa nyembamba, matibabu yaanze. Ukipimwa kwa mara ya pili, uliza pia kama walitumia miraba mikubwa na midogo. Glakoma changa huiangusha zaidi ile midogo ya nyuzi 0.8 kuliko mikubwa, na kulinganisha hizo mbili ndani ya jicho moja hupunguza makosa ya elektrodi.

Mweleze daktari kama umewahi kutumia dawa ya kifua kikuu iitwayo ethambutol, kama una kisukari, au kama umekunywa pombe ya kienyeji iliyokudhuru. Vyote hivyo vinaweza kushusha bonde hilohilo bila glakoma. Na kwa kuwa ni jicho moja tu, daktari ahakikishe hakuna kinachobana neva ya upande huo.

Jambo la kutia moyo, na tunalisema kwa sababu limeshuhudiwa kwenye vipimo: kwa baadhi ya watu walioko hatua kama yako, presha ikishushwa wimbi hupanda tena. Seli iliyokufa hairudi, lakini iliyokuwa inaumwa inaweza kupata nafuu. Urambo hadi hospitali ya Kitete, Tabora mjini, ni karibu. Nenda na karatasi hiyo mwezi huu.

Mama anabanwa kifua

*Mama yangu ana miaka 61, tuko Sikonge. Anatumia timolol miezi mitatu sasa. Siku hizi anabanwa kifua usiku. Pia amepangiwa kipimo cha PERG, je aache matone kabla? Na wametaja latanoprost, lakini hatuna friji.*
Binti, Sikonge

Binti, la kifua lisisubiri kipimo chochote. Timolol, matone ya kushusha presha ya jicho, huingia kwenye damu kupitia tundu la machozi na pua, na inaweza kubana mapafu ya mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Mpeleke mama kituo cha afya leo, mkiwa na chupa mkononi, mueleze kwamba anabanwa tangu aanze matone haya. Dawa ibadilishwe na mganga, na isiachwe tu bila mbadala, maana presha itapanda kimyakimya.

Kwa ajili ya PERG, matone ya kushusha presha hayaachwi. Isipokuwa akiwa na pilocarpine, mwambie mpimaji, kwa sababu dawa hiyo hukaza mboni na mwanga unaofika kwenye retina unapungua. Aende na miwani yake yote, asijipake mafuta usoni, na awe amelala vya kutosha.

Muulize daktari pia kuhusu SLT, leza ya kushusha presha ya jicho. Utafiti uliofanyika KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha leza hiyo na timolol ya asilimia 0.5 kwa wagonjwa wa glakoma hapa Tanzania. Baada ya mwaka 1, leza ilifanikiwa kwa macho 61 kati ya 100, timolol 31 kati ya 100. Kwa mtu aliye mbali na duka la dawa na mwenye kifua kama cha mama, ni swali la kuuliza mapema.

Latanoprost, nayo ni matone ya kushusha presha, bila friji inawezekana. Chupa isiyofunguliwa ndiyo inayotaka baridi, nyuzi 2 hadi 8, basi nunueni moja moja kutoka duka lenye friji. Iliyofunguliwa inaweza kukaa chumbani kama joto halivuki nyuzi 25. Sikonge mchana huvuka, kwa hiyo iwekeni ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa, kwenye kona ya chumba isiyopigwa na jua, chupa ikiwa kwenye boksi lake. Tone moja kila jicho, jioni. Afumbe macho na kubana kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa dakika 2. Akiwa na tone la dawa nyingine, apishe dakika 5. Andikeni tarehe ya kufungua ubavuni mwa chupa. Wiki 6 zikitimia, itupeni hata kama matone yamebaki.